Maombi ya TPO yanarudi, afisa miti hajibu: mnafanyaje kazi na halmashauri hapa England?

Mpogoaji_Kusini

Wakuu, habari za kazi. Swali ni kwa mafundi wa miti mlioko England. Scotland na Wales wana kanuni zao, tusichanganye.

Fundi wa bustani za watu hawezi kumkwepa afisa miti wa halmashauri. Mti ukiwa na TPO, yaani amri ya kuulinda, hugusi tawi bichi mpaka kibali kitoke. Ukiwa kwenye eneo la hifadhi, ile mitaa ya zamani ambayo sura yake inalindwa, lazima taarifa itangulie. Hapo hakuna ubishi. Kinachosumbua ni kwamba maombi yanarudishwa kwa sababu moja tu, "maelezo ya kazi hayatoshi", simu haipokelewi, na mteja anaamini mzembe ni fundi.

Mfano wa ombi linalorudi: "Mwaloni nyuma ya nyumba. Kupunguza 30% na kuondoa matawi makavu. Sababu: mti ni mkubwa mno na unaziba mwanga."

Kwanza, afisa anataka kuona nini hasa kwenye karatasi? Pili, ni sahihi kumpigia kabla ya kupeleka ombi, au anaona anasumbuliwa? Tatu, mti unapokuwa mkavu au umevunjika na upepo, mipaka ya fundi iko wapi? Wengine wanasema ukikauka tu unakata, wengine wanasema subiri siku tano.

---

Kamba_na_Chenso

Mkuu, kosa liko kwenye hiyo "30%". Asilimia thelathini ya nini? Ya urefu, ya upana, ya majani au ya ujazo wote? Piga hesabu: ukipunguza kila upande kwa 30%, unabaki na 0.7 × 0.7 × 0.7, sawa na 0.343. Umeondoa karibu theluthi mbili ya ujazo wa kichwa cha mti, yaani matawi na majani yote ya juu. Wewe ulimaanisha kunyoa kidogo, afisa amesoma mauaji. Na hata akikupa kibali, siku ya kazi hakuna anayeweza kuthibitisha kama umekifuata au umekivuka. Ndiyo maana analirudisha.

Kiwango cha BS 3998:2010, yaani kiwango cha Uingereza cha kazi za miti, ambacho maafisa wote wanakitumia, kinataka upunguzaji uandikwe kwa mita, na useme mti utabaki na vipimo gani baada ya kazi. Andika hivi: mti una kimo cha mita 18, utabaki mita 16. Matawi yamefika mita 7 kutoka kwenye shina upande wa kusini, yatabaki mita 5.5. Upande wa kaskazini yana mita 5, hayaguswi. Kisha taja unene wa juu kabisa wa jeraha utakaloacha, kwa mfano hakuna mkato utakaozidi milimita 75. Huo mstari wa mwisho mafundi wengi wanausahau, na ndio unaomtuliza afisa kuliko mingine yote, kwa sababu unamwambia hutaingia kwenye matawi makuu.

Pale unapokatia, tawi dogo linaloachwa liendelee kukua lisipungue theluthi moja ya unene wa lile linaloondolewa. Ukiacha kijiti chembamba, ncha itakauka na kuoza kurudi nyuma, au itatoa rundo la machipukizi yaliyoshikilia ganda tu, ambayo baada ya miaka kadhaa yanachomoka na upepo. Kata nje ya kola, ule uvimbe wa shingo ya tawi. Usiingie ndani yake wala usiache kisiki. Rangi ya kupaka majeraha, sahau. Fundi anayeandika kwenye ombi kwamba atapaka rangi anajitangaza kuwa elimu yake ni ya zamani.

Kwa kazi nyingine lugha inabadilika. Kupunguza msongamano wa matawi ndani ya kichwa, hapo asilimia inakubalika, ila usizidi 30% hata kwenye ndoto, na mti mzee hauvumilii hata hiyo. Kuinua kichwa, yaani kuondoa matawi ya chini, andika kimo cha nafasi utakayoacha kutoka ardhini: mita 5.2 juu ya barabara ya magari na karibu mita 2.5 juu ya njia ya waenda kwa miguu ndivyo vipimo ambavyo halmashauri nyingi huvizoea. "Kusafisha mti" si maelezo ya kazi. Hayo ni maneno ya kumwambia mteja jikoni kwake.

Sababu nazo zina uzito tofauti. Majani kuanguka, kivuli, ndege kuchafua gari, kuzuia mawimbi ya televisheni: zinasomwa, lakini zikiwa peke yake ni nyepesi. Matawi yanagusa paa, andika ni mita ngapi zimebaki kati ya tawi na vigae. Unahofia uozo, weka picha ya uyoga ukiwa na rula pembeni, na useme uko urefu gani na upande gani wa shina. Ukidai ugonjwa au hatari, fomu yenyewe inataka ushahidi wa maandishi wa mtaalamu. Ukidai nyufa za nyumba, jiandae: ripoti ya mhandisi, vipimo vya nyufa vilivyochukuliwa kwa muda, aina ya udongo, na uthibitisho kwamba mizizi iliyopatikana chini ya msingi ni ya mti huo. Bila hivyo ombi halitasajiliwa.

---

Bi_Mwaloni

Nawasalimu. Niko upande wa pili wa meza, kwenye idara ya mipango miji, kwa hiyo nitajibu lile la simu.

Afisa miti mara nyingi ni mmoja kwa wilaya nzima. Mezani ana maombi ya TPO, taarifa za maeneo ya hifadhi, maombi ya ujenzi yanayohitaji maoni yake, na malalamiko ya majirani. Ukimpigia na kusema "kuna mti Church Road, naweza kuukata?" hawezi kukujibu, na hata akijibu, jibu la simu halikulindi mahakamani. Lakini ukimtumia barua pepe fupi yenye anwani, alama ya mti kwenye ramani, picha mbili (moja ya mti mzima kutoka barabarani, moja ya tatizo lenyewe) na swali moja, wengi tunajibu. Ombi linalokuja baada ya barua kama hiyo huwa limeshajengwa nusu.

Halmashauri haitozi ada kwa ombi la TPO wala kwa taarifa ya eneo la hifadhi, kwa hiyo hakuna unachookoa kwa kuruka hatua.

Sasa kuna jambo linalowaingiza mafundi matatani kila mwaka, nalo ni kuchanganya wiki sita na wiki nane.

Eneo la hifadhi: unatoa taarifa chini ya kifungu cha 211 cha sheria ya mipango miji ya 1990. Halmashauri ina wiki sita tangu siku ilipoipokea. Katika muda huo hatuwezi kukukatalia, na hatuwezi kukuwekea masharti. Tunaweza kuuwekea mti TPO, au kuuacha. Wiki sita zikipita kimya, fanya kazi uliyoiandika, ndani ya miaka miwili tangu siku ya taarifa. Kimya hapo ni ruhusa.

TPO: ni ombi la kibali, si taarifa. Muda wetu ni wiki nane. Zikipita kimya, HUNA kibali. Ulichopata ni haki ya kukata rufaa kwa Planning Inspectorate, ofisi ya serikali inayoamua rufaa za mipango, kwa sababu hatujaamua, basi. Fundi aliyezoea maeneo ya hifadhi anahesabu wiki, anaona kimya, anawasha chenso. Hiyo ni kesi.

Tofauti nyingine ni ukubwa. Kwenye eneo la hifadhi, mti ambao shina lake halizidi kipenyo cha milimita 75 kwenye kimo cha mita 1.5 hauhitaji taarifa. Ukiwa unapunguza miti ili mingine ikue vizuri, kikomo ni milimita 100. Huna haja ya kaliba, kifaa cha kupimia kipenyo: zungusha tepu, mzingo wa milimita 235 ni sawa na kipenyo cha 75. Lakini TPO haina kikomo cha udogo. Hata mche wa unene wa kidole, kama uko kwenye amri, unalindwa.

Na kwenye ramani ya TPO tazama herufi na mistari. T ni mti mmoja mmoja, umezungushiwa duara. G ni kundi, mstari wa vipande. A ni eneo, mstari wa nukta, na linalinda miti iliyokuwepo siku amri ilipotolewa tu. W ni msitu, mstari usiokatika, na huo unalinda hata miche iliyoota jana. Usiridhike na ramani ya mtandaoni ya mwezi uliopita. TPO mpya huanza kufanya kazi siku ileile inapotolewa, kwa muda wa miezi sita kabla ya kuthibitishwa, kwa hiyo inaweza kuzaliwa kati ya siku uliyotoa bei na siku ya kazi. Angalia tena wiki ya kazi, hifadhi picha ya skrini yenye tarehe.

---

Gogo_la_Midlands

Nichukue lile la tatu maana wengi wanalijibu kwa mazoea.

Kanuni za TPO ni za 2012, zilianza tarehe 6 Aprili mwaka huo. Kabla yake ilikuwa rahisi kusema "mti unakufa, sheria inaniruhusu". Neno "unakufa" liliondolewa. Siku hizi kuna mafungu haya, na kila moja lina mlango wake.

Matawi makavu kwenye mti ulio hai: ondoa, huhitaji kibali wala taarifa ya siku tano. Lakini ni makavu tu. Ukipanda kuondoa makavu ukashuka na mabichi matatu, umekiuka amri. Kwa adabu, afisa apewe taarifa hata hapa, kwa sababu jirani akisikia chenso atapiga simu halmashauri kabla hujafunga kamba ya pili.

Mti mzima uliokufa: taarifa ya maandishi siku tano za kazi kabla. Siku za kazi, yaani Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi.

Hatari ya papo hapo ya madhara makubwa: unaruhusiwa kufanya kazi mara moja, ila ile tu inayoondoa hatari hiyo, na unatoa taarifa haraka iwezekanavyo baadaye. Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Tawi kuu limechanika na linaning'inia juu ya njia: ondoa tawi hilo. Huna ruhusa ya kuangusha mti wote kwa sababu lori lipo na mashine ya kusaga matawi imeshakodiwa. Kilichobaki kinasubiri siku tano au wiki nane kama kawaida.

Na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Halmashauri haina haja ya kuonyesha kwamba mti ulikuwa hai, ni wewe uonyeshe kwamba ulikufa au ulikuwa hatari. Kwa hiyo: picha ya mti mzima kabla ya kugusa, picha ya gome na machipukizi, video fupi inayoanzia kwenye namba ya nyumba na kuishia kwenye tatizo. Baada ya kukata, kata kisahani cha shina penye uozo, unene wa sentimita 10 unatosha, kiweke mpaka afisa akione au aseme hakihitaji. Mteja anayetaka kuni zote siku hiyohiyo aelezwe mapema.

Mti wa eshi (ash) ndio mtihani mkubwa sasa. Kuvu wa Hymenoscyphus fraxineus alithibitishwa Uingereza 2012 na tangu hapo miti ya eshi inakauka kutoka juu kushuka. Usiandike "una ugonjwa wa eshi, uangushwe". Andika ni sehemu gani ya kichwa imebaki na majani, picha zichukuliwe Julai au Agosti. Picha ya eshi bila majani mwezi Februari haithibitishi lolote. Ongeza kama kuna madoa meusi ya ugonjwa au uyoga kwenye kitako cha shina, maana hapo ndipo mti unapovunjikia. Na useme mapema kama utatumia mashine ya kikapu badala ya kupanda: mbao za eshi mgonjwa huwa kavu na hukatika bila kuonya, afisa mwenye uzoefu anaelewa kwa nini huwezi kusubiri mpaka ufe kabisa. Hoja ya usalama wa mpandaji ina nguvu, ila iandikwe.

Ukiangusha mti kwa sababu ulikufa au ulikuwa hatari, mwenye ardhi ana wajibu wa kupanda mwingine mahali palepale. Mwambie mteja kabla, si baada. Kwenye vibali vya kuangusha sharti la kupanda huwa limeandikwa kabisa, aina na ukubwa: mzingo wa shina sentimita 8 hadi 10 ni wa kawaida, na msimu ni Novemba hadi Machi.

---

Mpogoaji_Kusini

Asanteni sana, dada Bi_Mwaloni umenifungua macho kwenye wiki sita na nane.

Maswali mawili yameongezeka. Kuna ushauri unazunguka kwa mafundi: omba kuangusha ili upewe kupunguza, kama kupatana bei sokoni. Una maana? Na matawi ya mti wa jirani wenye TPO yakivuka uzio, si kila mtu ana haki ya kukata yaliyo upande wake?

---

Kisiki

La jirani: haki ya kukata kilichovuka mpaka ipo, lakini TPO inaisimamisha. Unahitaji kibali kama mwenye mti, na ombi unaweza kulipeleka hata kama mti si wako. Kuna mwanya wa "kero", lakini kero ya kisheria ni uharibifu halisi au unaokaribia. Kivuli na majani si kero hiyo. Usimshauri mteja aupite mwanya huo bila mwanasheria.

Na mizizi ni sehemu ya mti. Kuchimba msingi wa uzio na kukata mizizi ya mti wenye TPO kunahitaji kibali pia. Kipimo cha haraka kinachotumika kwenye ujenzi, BS 5837:2012: kipenyo cha shina kwenye mita 1.5 zidisha kwa 12. Shina la sentimita 60 linakupa mduara wa mita 7.2 kutoka kwenye shina ambao hauchimbwi wala kuegeshwa lori. Mafundi wanasahau kwamba lori lao lenyewe linaweza kuharibu udongo.

Adhabu: kuua mti unaolindwa, au kuukata kwa namna inayoelekea kuuua, faini haina kikomo. Makosa mengine hufika £2,500. Mwenye nyumba na fundi wote wanaweza kushtakiwa, na "mteja aliniambia kibali kipo" si kinga. Dai nakala ya barua ya uamuzi na usome masharti mwenyewe. Mahakama huangalia pia faida aliyopata mtu, mfano nyumba kupata mandhari ya bahari, na sheria ya mali zitokanazo na uhalifu imeshatumika kwenye kesi za miti.

---

Bi_Mwaloni

Kuomba kuangusha ili upewe kupunguza: huo ni ujanja unaojulikana na kila afisa, na unakugharimu wewe, haumgharimu afisa. Sababu ni hii. Ombi la TPO linaamuliwa kama lilivyoandikwa. Tunaweza kukubali sehemu na kukataa sehemu, lakini hatuwezi kukubunia kazi ambayo hukuiomba. Umeomba kuangusha, tumekataa, sasa unaanza upya na wiki nane nyingine, na mteja anakutazama. Kwenye eneo la hifadhi ni mbaya zaidi: taarifa ya kuangusha mti mzuri inatulazimisha kuutathmini kwa ajili ya TPO. Halmashauri nyingi hutumia jedwali la TEMPO, linalopima kwa alama kama mti unastahili TPO. Alama 12 hadi 15, amri inaweza kutetewa. 16 na kuendelea, mti unastahili kabisa. Ulikuja na mti usio na amri, unaondoka na wenye amri ya kudumu. Ungeomba kupunguza mita moja na nusu ungeshamaliza.

Rufaa nayo. Ukikataliwa una siku 28, lakini njia ya kawaida inaamuliwa kwa karatasi zilezile ulizoleta mwanzo. Sababu ambayo hukuiandika kwenye fomu huwezi kuiingiza baadaye. Ndiyo maana fomu ya mistari miwili ni hasara hata kwa anayepanga kupigana.

Kuna jambo ambalo mafundi wanaliona dogo nasi tunaliona kubwa: jinsi unavyoongea na mteja kuhusu halmashauri. Ukimwambia "kaunsili ni wakorofi, hawatakubali", mteja anatupigia akiwa amekasirika kabla hatujaona mti. Mwambie ukweli, kwamba uamuzi ni wa mti huo na sababu hizo. Vilevile afisa akikupigia katikati ya wiki nane na kusema "mita tatu ni nyingi, mbili ningezikubali", hiyo si dharau. Anakupa nafasi ya kurekebisha ombi kabla halijakataliwa. Ongea na mteja siku hiyohiyo, jibu kwa barua pepe, taja namba ya kumbukumbu.

Usituombe tukupendekeze kwa wateja. Haturuhusiwi kuchagua kampuni.

---

Kamba_na_Chenso

Niongeze la siku ya kazi maana huko ndiko uaminifu unapopatikana au kupotea. Siku moja au mbili kabla, barua pepe ya mistari miwili kwa afisa: namba ya kumbukumbu, anwani, tarehe, saa ya kuanza. Nakala ya kibali ikae kwenye gari, na mpandaji aisome, si bosi peke yake. Kosa la kawaida ni bosi kuomba mita 1.5 halafu mpandaji, ambaye hakuona karatasi, anakata mpaka macho yake yaridhike. Kabla ya kupanda, chukua fimbo ya mita au tepu, pima ncha ya kwanza mkiwa chini baada ya kuikata, ndipo macho yazoee. Vibali vya kawaida ni vya mara moja tu na vinaisha baada ya miaka miwili, kwa hiyo huwezi kurudi mwakani kumalizia.

Kibali cha halmashauri hakifuti sheria za wanyama. Viota vinavyotumika vinalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, na msimu mkubwa ni Machi hadi Agosti. Popo na maficho yao wanalindwa mwaka mzima, hata maficho yakiwa matupu. Tundu la kigogota, gome lililobanduka, ufa mrefu kwenye tawi: tazama kwa tochi kabla ya kukata. Ukikuta kinyesi cha popo, simamisha kazi na uite mtaalamu wa popo. Afisa akisikia kwamba ulisimamisha mwenyewe, ombi lako linalofuata litasomwa kwa jicho jingine.

Na kama miti ni mingi nje ya bustani, kuna leseni ya kuangusha miti ya Forestry Commission, idara ya misitu ya serikali: zaidi ya mita za ujazo 5 kwa robo mwaka, au ukiuza zaidi ya 2 kati ya hizo. Bustani za nyumba zimesamehewa.

---

Mpogoaji_Kusini

Nimeandika upya ule mwaloni. Naomba mkosoe bila huruma:

"T1 kwenye mchoro, mwaloni, bustani ya nyuma, mita 9 kutoka ukuta wa nyumba. Kimo mita 17, kipenyo cha shina sentimita 70. Kupunguza matawi ya upande wa nyumba (mashariki) kutoka mita 8 hadi mita 6.5 kutoka kwenye shina, ili kuacha nafasi ya mita 2 hivi na vigae. Sasa ncha ziko nusu mita kutoka kwenye vigae. Mikato isizidi milimita 75. Pande nyingine na kimo havibadiliki. Kuondoa matawi makavu. Kazi kufuata BS 3998:2010. Picha 3 zimeambatishwa."

---

Gogo_la_Midlands

Hili litasajiliwa. Marekebisho mawili. "Mita 2 hivi" ondoa "hivi", vipimo vyako mwenyewe vinatoa 2 kamili: nusu uliyonayo na moja na nusu utakayokata. Halafu hukutaja amri yenyewe. Weka namba ya TPO na alama ya mti kwenye ramani ya amri, maana T1 ya mchoro wako inaweza kuwa T4 kwao, na hapo karani atairudisha hata kabla afisa hajaiona.

Matawi makavu hayahitaji kibali, lakini yaache yaandikwe hapo. Jirani akipiga simu, karatasi inajibu.

---

Kisiki

Na kwenye mchoro chora nyumba, uzio na barabara, si duara moja katikati ya karatasi nyeupe. Andika umbali wa mita kutoka vitu viwili visivyohama.